Egzosi inavuja kwenye injini ya boti? Vua kitambaa cha bomba kwanza

Wadau wa ziwani habari zenu. Hapa Kigoma wengi tumezoea injini za kupachika nyuma, moshi wake unatokea majini moja kwa moja, sasa mtu akipata boti ya tanga au ya mbao yenye dizeli ndani anaiendesha kwa mazoea yale yale na wala hafikirii kwamba chini ya miguu yake kuna bomba la egzosi, yani la kutolea moshi, lina moto na limepita karibu na mbao na mafuta, na juu yake watu wamelala.

Dalili ya kwanza mimi naangalia masizi. Ukikuta oltaneta (ile ya kuchaji betri) na belti zimekuwa nyeusi, eya klina inaziba mapema, alafu injini inatoa moshi mweusi wakati nozeli za kupulizia mafuta ni nzima, ujue inavuta moshi wake yenyewe. Pia utasikia sauti ya kupumua, chu chu chu, inayokwenda na mzunguko wa injini. Na watu wakianza kuumwa kichwa, kichefuchefu au kulegea, usiseme ni mawimbi tu. Kaboni monoksaidi, gesi ya sumu iliyo kwenye moshi, haina harufu wala rangi, dizeli inatoa kidogo kuliko petroli lakini chumba kikiwa kimefungwa inaua vile vile. Zima injini, fungua kila kitu, mtoe mtu kwenye upepo na mpeleke hospitali hata kama anasema yuko poa.

Sasa kutafuta penyewe. Kuna boti niliitwa kuiangalia pale Kibirizi, bomba la egzosi lilikuwa limezungushiwa kitambaa cha kuzuia joto, kitambaa juu ya kitambaa na kufungwa waya, na moshi bado unatoka. Tukavua vyote. Kwenye kiwiko, pale bomba linapokunja, ule upande wa chini ambao huuoni mpaka uingize kioo, kulikuwa na ufa mwembamba kama unywele na masizi yametawanyika kuanzia hapo kwenda nyuma. Yani ufa wenyewe ulikuwa unakuonyesha ulipo, ila ulifunikwa. Ndo mana nasema usiongeze kitambaa hata siku moja, vua. Ila kama boti ni ya zamani kitambaa kinaweza kuwa na asbestosi, kiloweshe maji, vaa barakoa ya maana, usikipulize na usikichane kikavu.

Ukishavua, washa injini ikiwa ya baridi kabisa, asubuhi, mwenzako apige stata wewe umulike tochi kwenye maungio, mana chuma kikishapata moto kinatanuka na ufa mwingine unajibana. Ukikosa, zima, acha ipoe, mwaga maji yaliyo kwenye sailensa, pulizia hewa kidogo kwa blowa kwenye mdomo wa egzosi (sio kompresa ya matairi, ile presha ni kubwa) huku unapaka povu la sabuni kwenye kila ungio. Panapotoa mapovu ndipo penyewe, na usiishie hapo, endelea mpaka mwisho kwa sababu mara nyingi hapavuji sehemu moja. Masizi makavu maana yake panavuja kabla ya pale maji ya kupozea yanapoingia kwenye bomba, maji meusi yanayodondoka ni baada ya hapo.

Watu wananiambia ziwa Tanganyika halina chumvi kwa hiyo egzosi haioziki. Inaoza jamani. Moshi wa dizeli una salfa, ikikutana na maji inakuwa asidi na inakula chuma kuanzia ndani, nje unaona kizima.

Kurekebisha: gasketi iwe mpya na iwe ya egzosi, ile karatasi tunayokata kwa ajili ya pampu ya maji itaungua. Safisha uso wa chuma mpaka rula ikae bila kuyumba, bolti zilizoganda zipe mafuta zilale nazo usiku, ukikaza anza katikati kwenda pembeni kidogo kidogo, kwa kipimo cha kitabu cha injini. Dawa ya kupaka kuziba ufa inakufikisha nyumbani tu. Kiwiko cha chuma cha kumimina kikipasuka, ukichomelea kwa fimbo za kulehemu za kawaida bila kukipasha moto kwanza kitapasuka tena pembeni ya ulehemu, heri uagize Dar au fundi mzuri akutengenezee cha stenlesi nene.

Bomba la mpira la kupitisha moshi liwe lile la egzosi, klipu mbili za stenlesi kila mwisho. Na angalia impela, kile kipangaboi cha ndani ya pampu ya maji, maji yakikatika mpira unaungua ndani ya muda mfupi sana.

Wenye matanga, msikubali fundi aliyepunguza urefu wa bomba ili akwepe sehemu mbovu. Lazima lipande juu ya usawa wa maji kabla halijatoka nje, la sivyo kipindi kile cha upepo wa kusi, Juni mpaka Agosti, umezima injini unakwenda na tanga, wimbi la nyuma linasukuma maji mpaka kwenye silinda.

Kitambaa usirudishe siku hiyo hiyo. Endesha boti ikiwa na mzigo, rudi, acha injini ipoe, pitisha spana tena kwenye bolti zote, angalia masizi mapya, pakiwa pasafi ndo uzungushe kitambaa kipya.