Ukisafiri na meli kubwa ya kitalii, chagua chumba kwa kusoma sitaha zake

Watu wakijua kwamba nimesafiri na meli kubwa za kitalii, huniuliza bwawa lipi ni zuri na chakula kikoje. Mimi huwarudishia swali: chumba chako kiko sitaha (yaani ghorofa ya meli) ya ngapi, na juu yake kuna nini? Wengi hawana jibu. Wamechagua kwa picha na bei, basi. Lakini bwawa usilolipenda utalihama, na mkahawa vilevile. Chumba hakihamiki kirahisi, maana meli ikishang'oa nanga huwa imejaa.

Tuanze na ukubwa wenyewe, kwa sababu mambo mengine yote yanatoka hapo. Icon of the Seas, iliyojengwa Turku nchini Finland na kuanza kubeba abiria kutoka Miami mwezi Januari 2024, ina urefu wa karibu mita 365 na sitaha 20. Ikijaa kabisa inachukua abiria 7,600, na wafanyakazi wake ni 2,350. Tani zake ni 248,663, na hizo si uzito: ni kipimo cha nafasi iliyomo ndani ya meli. Titanic ya mwaka 1912 ilikuwa na tani 46,328, kwa hiyo ndani ya meli hii nafasi ni zaidi ya mara tano ya ile.

Chombo cha namna hii hakianzi na mkuku, yaani uti wa mgongo wa meli, halafu kikapanda juu sitaha kwa sitaha. Karakana huunda kwanza mapande makubwa ya chuma, mengine tayari yakiwa na mabomba na nyaya ndani yake, kisha kreni huyashusha kwenye chelezo, yaani shimo kavu la kujengea meli, na mafundi huyachomelea pamoja. Mwili ukikamilika maji hufunguliwa, chelezo kinajaa, meli inaelea, na kazi ya ndani inaendelea. Vyumba vya kulala navyo hutoka kiwandani vikiwa vizima: bafu, taa, makabati na milango. Huingizwa kupitia ubavuni na kusukumwa hadi mahali pake.

Hilo la vyumba ndilo ningependa ulizingatie. Kama vyumba vya daraja moja vimetengenezwa kwa kipimo kimoja, basi unapolinganisha kimoja na kingine unalinganisha mahali kilipo. Kwa hiyo kabla ya kulipa, fungua ramani ya sitaha za meli yako, ile yenyewe hasa, kwa sababu hata meli pacha hutofautiana kidogo. Tazama chumba unachokitaka, halafu tazama sitaha iliyo juu yake na iliyo chini yake. Chuma hupitisha sauti vizuri mno. Nimewahi kulala chini ya sitaha ya bwawa, na alfajiri wafanyakazi walipoanza kupanga viti vya kuotea jua nilisikia kila mguu wa kiti ukiburutwa. Chini ya jiko hali ni hiyohiyo, na juu ya ukumbi wa muziki utalala wakati wanamuziki watakapoamua. Chumba kitulivu ni kile chenye vyumba vya kulala juu, chini na pande zote mbili. Kama kwenye ramani unaona eneo jeupe lisilo na jina, lihofu: mara nyingi ni la wafanyakazi, na huko kazi haisimami usiku.

Kelele nyingine inatoka kwenye mitambo ya kuendesha meli. Meli za kundi la Oasis, yaani Oasis of the Seas na meli dada zake, zilizoanza mwaka 2009, hazina rafadha (panga za kusukuma maji) za mtindo wa zamani zenye shafti ndefu na usukani nyuma yake. Chini ya tezi, yaani nyuma ya meli, kuna vibweta vitatu vyenye mota za umeme, kila kimoja na rafadha yake na nguvu ya megawati 20, na vyote vinaweza kugeuka kuelekeza meli. Umeme huo unatoka kwenye injini sita kubwa zilizo chini kabisa, na ndio pia unaowasha taa, majiko na mitambo ya kugeuza maji ya bahari kuwa maji matamu. Upande wa omo, yaani mbele, kuna rafadha ndogo zilizowekwa ndani ya mwili wa meli kwa kukingama, za kuisukuma kwenda kando wakati wa kufunga gatini. Ukilala sitaha ya chini karibu na omo, asubuhi ya kuingia bandarini utaamshwa na mngurumo wake, na kitanda kitatetema. Mtu anayeamka mapema hatajali. Mwenye mtoto mchanga aliyelala kwa tabu atajali sana.

Sasa kuhusu kwenda mrama, yaani meli kuyumba. Ukubwa unasaidia, ila bahari ikichafuka meli yoyote itacheza. Meli hizi zina mapezi yanayochomoza ubavuni chini ya maji ili kupunguza kuyumba kulia na kushoto. Yanafanya kazi nzuri, lakini hayazuii omo kupanda na kushuka mawimbi yakija kwa mbele. Ndiyo maana mwenye kichefuchefu namshauri akae katikati ya urefu wa meli, na sitaha za chini kuliko za juu. Chumba cha juu kabisa mbele kina mandhari ya kupendeza, na ndicho kinachotikisika kuliko vyote.

Wengine huniuliza kama chombo kirefu kwenda juu namna ile hakiwezi kupinduka, hasa wakisikia kwamba sehemu iliyozama majini ni kama mita tisa tu. Vitu vizito, yaani injini, mafuta na matangi ya maji, vyote viko chini, na meli yenyewe ni pana sana, kama mita 47 pale inapokutana na maji. Kwa hiyo lala usingizi. Kimo chake kinaleta usumbufu wa aina nyingine. Oasis of the Seas ilipotoka Turku mwaka 2009 ilibidi ipite chini ya daraja la Storebælt nchini Denmark, lenye nafasi ya mita 65, wakati meli yenyewe ilikuwa na mita 72. Dohani zake zilitengenezwa ziweze kushushwa, na nahodha akaongeza mwendo ili meli izame kidogo zaidi kwenye maji yale ya kina kifupi. Ikapita. Na kwa kuwa ubavu wake ni mpana kama ukuta, upepo mkali huweza kufanya nahodha aache kabisa kuingia bandari fulani. Usipange jambo la lazima kwenye bandari ya katikati ya safari.

Kundi hilo la Oasis lilileta jambo ninalolipenda kwa dhati: sehemu ya juu ya meli imepasuliwa katikati, na kwenye sitaha ya 8 kuna bustani ya mimea hai, Central Park, iliyo wazi hadi mbinguni. Kuna vyumba vyenye roshani zinazotazama bustani hiyo. Ni vitulivu kuliko unavyodhani na upepo hauvisumbui. Ubaya wake ni kwamba huoni bahari, na wa roshani ya ng'ambo anakuona, kwa hiyo pazia ni muhimu. Roshani zinazotazama Boardwalk, eneo la matembezi na michezo kwenye sitaha ya 6 upande wa tezi, zina makelele zaidi kwa sababu huko kuna bembea ya farasi na jukwaa la michezo ya majini.

Mengine ni madogo. Kuta za vyumba ni za chuma, beba vikulabu vya sumaku vya kutundikia nguo na kofia. Pasi ya nguo iache nyumbani, wataichukua kwa kuhofia moto. Ukitaka chumba cha dirisha, hakikisha boti za uokoaji haziwi mbele yake.

Boti hizo, kwenye Oasis ni 18 na kila moja inabeba watu 370. Baada ya meli ya kitalii Costa Concordia kuzama kando ya kisiwa cha Giglio mwezi Januari 2012 na watu 32 kufa, sheria ya kimataifa ilibadilishwa: tangu mwaka 2015 zoezi la usalama hufanyika kabla ya meli kuondoka au mara tu inapoondoka. Lifanye kwa makini, na watoto wako walifanye. Kisha, kabla hujaenda kuogelea, toka chumbani na utembee kwa ngazi, bila lifti, hadi kituo chako cha kukusanyika. Rudi kwa ngazi za upande mwingine, ujue njia mbili.