Barua kwa mwanangu: kabla hujamlipia yule mtoto wa mbwa

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe, mkeo na wajukuu zangu. Sisi hatujambo.

Baada ya salamu, nimesoma ujumbe wako na picha ya huyo mtoto nimeiona. Unasema umeambiwa chotara hana maradhi, na muuzaji anadai chotara wa Poodle haleti mzio, yaani yale mafua yanayomshika mkeo akikaa karibu na mbwa. Unaniuliza kama kuna maana ya kumlipa mfugaji fedha nyingi hivyo kwa mtoto wa mbwa chotara, wa mbegu mbili, Poodle na Cavalier King Charles, wakati watu wanakwambia chotara ni chotara tu. Tena unauliza utamjuaje mfugaji mkweli. Naanza na hilo la pili, maana ukishalijua, la kwanza litajijibu lenyewe.

Usimwangalie mtoto. Najua ni vigumu, hata mimi ile picha imenilegeza. Lakini mtoto wa mbwa wa wiki sita hakuna asiyependeza, hata aliyezaliwa kwenye banda chafu, akishaogeshwa na kufungwa utepe shingoni. Wewe omba kumwona mama. Nenda kwa mfugaji mwenyewe, na akikwambia "tukutane njiani nikupunguzie safari", mshukuru ukatafute mwingine. Huko England tangu mwaka 2020 sheria inawakataza wafanyabiashara wa kati kuuza watoto wa mbwa walio chini ya miezi sita, na sababu ni hiyohiyo: anayeuza tu hana mama wa kukuonyesha.

Ukifika, kaa, usiwe na haraka. Tazama yule jike anavyompokea mgeni. Anakuja mkia ukicheza, anakunusa viatu, kisha anarudi kwa wanawe? Au anajikunyata pembeni, masikio yamelala? Woga hurithiwa, na mtoto hujifunza pia kwa kumtazama mama yake, kwa hiyo huyo ataupata mara mbili. Tazama na chuchu. Anayenyonyesha huwa amepungua kidogo, chuchu zinaning'inia, na watoto wakimwona wanamkimbilia. Ukionyeshwa jike mwenye chuchu ndogo kavu ambaye wale watoto hawana habari naye, jua umeletewa mama wa kuazima. Wapo wanaofanya hivyo, wala si wachache.

Sasa hilo la kwamba chotara hana maradhi. Ni kweli nusu. Kuna magonjwa ambayo hayampati mtoto mpaka arithi kasoro ileile kwa baba na kwa mama, na mbegu mbili zisizokuwa na kasoro ya pamoja zikichanganywa, mtoto anaepuka. Lakini zipo kasoro za pamoja. Poodle, Labrador na Cocker Spaniel wote wanaweza kubeba ugonjwa mmoja wa macho unaompofusha mbwa polepole. Ukimpandisha huyu na yule bila kupima, uchotara haumsaidii mtu.

Kwa huyo wako, linalonitia wasiwasi zaidi ni moyo. Cavalier wanajulikana kwa vali ya moyo, kile kilango kinachozuia damu isirudi nyuma, kuchakaa mapema mno. Akiwa na mwaka mmoja daktari anaweza asisikie kitu, halafu akifika miaka minne au mitano moyo ukaanza kuvuma, wakati huo ameshazaa mara kadhaa. Ndiyo maana wataalamu wa mbegu hiyo wanashauri asizalishwe kabla ya miaka miwili na nusu, na hata mioyo ya wazazi wake iwe imepimwa walipofikisha miaka mitano ikaonekana safi. Kwa hiyo usiridhike ukiambiwa "mama yake mzima kabisa". Uliza: moyo umepimwa na nani, lini, akiwa na umri gani? Upande wa Poodle mdogo uliza magoti, maana kile kifuniko cha goti huwa kinahama mahali pake, na uliza macho. Na usikubali kuonyeshwa kadi ya chanjo kama jibu la maswali hayo. Kadi inasema mbwa amechanjwa, basi.

Kuhusu mafua ya mkeo, yule muuzaji anayesema chotara wa Poodle "haleti mzio" amekudanganya, au yeye mwenyewe hajui. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Wally Conron, mzalishaji wa mbwa wa kuwaongoza wasioona kule Australia, alimpandisha Labrador na Poodle kwa ajili ya mwanamke asiyeona wa Hawaii ambaye mumewe alikuwa na mzio wa mbwa. Wakazaliwa watatu. Manyoya na mate yao yakapelekwa kwa yule mume ajaribiwe, na ni mmoja tu ambaye hakumdhuru. Baba mmoja, mama mmoja, uzao mmoja! (Conron baadaye alikuja kusema anajuta, akiona watu wenye tamaa walivyolivamia wazo lake.) Kinachomletea mtu mzio kimo kwenye mate na magamba madogo ya ngozi, na mbwa asiyepukutisha manyoya anavyo pia. Mpeleke mkeo akakae na wale mbwa wakubwa, wazazi wenyewe, saa nzima ndani ya nyumba. Amwache mmoja amrambe kifundo cha mkono. Pua itawajibu.

Na manyoya yasiyopukutika hayaendi popote, yanabaki mwilini yakisokotana. Juu utaona laini, kumbe nyuma ya masikio na kwapani pameshikana kama zulia, na ngozi chini yake inauma. Kitana kifike kwenye ngozi, na kila wiki sita hadi nane akanyolewe. Hiyo nayo ni gharama, itie kwenye hesabu.

Mengine unayajua. Asiachishwe mama kabla ya wiki nane. Dawa ya minyoo awe ameanza kupewa tangu wiki ya pili. Chanjo ya kwanza kati ya wiki ya sita na ya nane, kisha mrudie kwa daktari mpaka afike wiki 16. Uliza tu wanalelewa wapi. Aliyekulia ndani, penye kelele za sufuria na watoto, atakusumbua kidogo kuliko aliyefungiwa bandani muda wote.

Mfugaji mzuri atakuhoji wewe pia: nani anabaki nyumbani mchana, mna uzio, mmewahi kufuga? Usiudhike. Naye aandike kwenye mkataba kwamba ukishindwa kumlea, hata akiwa na miaka sita, anampokea.

Basi ukivipata hivyo, lipa, bei hiyo ina kazi ndani yake. Ukivikosa, unalipia manyoya ya mawimbi tu, na mimi ningekwenda kwenye makazi ya mbwa waliotelekezwa nikachukue chotara mkubwa. Umbo lake limeshajulikana, tabia yake imeshajulikana, na mkeo anaweza kumjaribu siku hiyohiyo.

Safari ya kwanza waache watoto nyumbani, na fedha ya kianzio usibebe. Kile cheti cha moyo wa jike kipige picha unitumie, nimwonyeshe daktari anayewatibu mbwa wetu.

Mama yako