Rikasheni ianze kwa mti wa kuchora

SWALI: Ninafundisha uandishi wa programu katika chuo kimoja hapa Nairobi. Tukifika kwenye rikasheni, yaani funksheni (kipande cha programu chenye jina) inayojiita yenyewe, wanafunzi hukariri mfano wa faktoria, yaani zao la namba zote kuanzia 1 hadi namba fulani, bila taabu, lakini nikiwapa tatizo jipya hawajui waanzie wapi. Je, michoro inaweza kuwasaidia?
Mwalimu, Ngara

JIBU: Itawasaidia sana, Mwalimu, mradi waichore kwa mkono kabla ya kugusa kompyuta. Faktoria huandikika kwa kitanzi cha kawaida, yaani amri zinazorudiwarudiwa, kwa hiyo mwanafunzi haoni kwa nini funksheni ijiite. Mti humwonyesha sababu hiyo waziwazi: tawi la mjakaranda, ukilitazama peke yake, ni mti mdogo wenye matawi yake.

Waanze na kiwango 0, ambapo hakichorwi chochote. Kiwango 1 ni mstari mmoja. Kiwango 2 ni mstari wenye miti miwili ya kiwango 1 kwenye ncha yake. Usiharakishe hapo kwenye 0, kwa sababu ndiko sharti la kukoma, yaani hali ambayo funksheni haijiiti tena, linakoonekana, nalo ndilo wanalolisahau kwanza.

Kisha waandike programu kwa kutumia kobe wa kuchora (alama inayochora mstari ikisogea kwenye skrini) anayekuja pamoja na lugha ya programu ya Python, ambaye asili yake ni lugha ya Logo iliyobuniwa Marekani mwaka 1967 kwa ajili ya kufundishia watoto. Kobe aende mbele, ageuke kushoto digrii 30, achore mti mdogo, ageuke kulia digrii 60, achore wa pili, ageuke tena kushoto digrii 30, kisha arudi nyuma hadi alipoanzia. Mwendo wake uwe wa polepole, ili waone kwamba upande wa kushoto humalizika wote kabla ya ule wa kulia kuanza. Atakayesahau kumrudisha kobe ataona matawi yakiota mahali pasipofaa, na kwa maoni yangu kosa la namna hiyo hufundisha kuliko maelezo yoyote ya ubaoni.

Hata hivyo, mchoro hauonyeshi jinsi jibu linavyorudishwa kutoka mwito mmoja wa funksheni hadi mwingine. Kwa hiyo waambie waandike funksheni ya pili inayohesabu mistari ya mti uleule: kiwango 0 kirudishe 0, na kila kiwango kingine kirudishe 1 kujumlisha mara mbili ya hesabu ya kiwango kilicho chini yake. Watapata 1, 3, 7, 15, na kila jibu wanaweza kulihakiki kwenye karatasi zao.