Diski ya XP imeshuka hadi PIO: rudisha DMA, kisha kagua waya

Ndugu, Windows XP inayonakili faili kwa kujikokota huku prosesa ikikaribia asilimia 100, kama ulivyoeleza, mara nyingi diski yake imeshushwa kutoka DMA (njia ya kuhamisha data bila kuitwisha prosesa mzigo) hadi PIO (njia ya zamani, ya polepole). Draiva ya IDE (kiungo cha zamani cha diski na kompyuta) huhesabu makosa ya CRC, yaani data kuharibika njiani, na ya kuchelewa kujibu. Yakifika 6 inashusha kasi ngazi moja, na ngazi za DMA zikiisha inaangukia PIO. Hapo upeo ni megabaiti 16.7 kwa sekunde, na prosesa ndiyo inayobeba data yote. Tena hairudi juu yenyewe.

Kabla ya lolote, nakili data zako muhimu pengine, maana diski inayokufa hutoa dalili hizihizi.

Fungua Device Manager, ingia Primary IDE Channel, kisha Advanced Settings. Ukikuta "PIO Mode" ilhali umechagua "DMA if available", iondoe chaneli hiyo kwa Uninstall na uwashe kompyuta upya. XP itaitambua tena na kuanza kuhesabu upya.

Usiishie hapo, nakusihi. Makosa yale yana chanzo, na mimi ningeanza na utepe wa IDE, yaani waya bapa unaounganisha diski na ubao mama. Weka mpya wa nyaya 80. Wa nyaya 40 unaishia megabaiti 33 kwa sekunde.