Kwa nini pesa za misaada ziwekwe kapu moja?
Umeuliza kwa nini wafadhili wasilipe kila shirika fungu lake. Shida ni masharti: huyu anataka shule tu, yule mkoa fulani tu, halafu kipindupindu kinalipuka kwingine na hakuna wa kununua hata klorini. Kwenye mfuko wa pamoja wa nchi, unaoendeshwa na OCHA, ofisi ya UN ya misaada ya kibinadamu, pesa haziji na jina la mradi. Mratibu wa misaada aliye nchini humo ndiye huamua ziende wapi, na mashirika ya wenyeji nayo huomba (yakishakaguliwa uwezo, makaratasi tele!). Usiuchanganye na CERF, mfuko mkuu wa UN wa dharura ulioundwa 2005. Huo ni wa dunia nzima na pesa zake hupitia mashirika ya UN.