Chimba uone mzizi kabla ya kushika siki

Ukianza bustani ya mboga nyuma ya nyumba utashauriwa kuua magugu kwa siki, chumvi, maji ya moto na maboksi ya zamani. Vingi kati ya hivyo vinafanya kazi, ila kila kimoja kwa gugu lake. Wengi wanaoanza hukwama kwa sababu wanachagua dawa kabla ya kulijua gugu lenyewe. Kwa hiyo chukua uma wa bustani au kijembe, chimba gugu moja la kila aina hadi sentimita 20, kung'uta udongo uone kilichoko chini.

Kishona nguo na mchicha pori hushikwa na mzizi mkuu mmoja tu. Ukitoka huo, kazi imekwisha. Kongwa, lile la maua ya bluu, huota mizizi kwenye kila fundo la shina linalogusa udongo wenye unyevu. Sangari na ukoka hutambaa chini kwa mashina meupe, na kila kipande chenye fundo ni mche mpya. Ndago ndiyo mbaya kuliko zote: chini ina viazi vidogo vyeusi vilivyounganishwa na nyuzi kama tasbihi.

Siki ya jikoni ina asidi ya asilimia 4 hadi 5. Inaunguza majani, haishuki kwenye mizizi. Ndiyo maana inaua miche yenye majani mawili hadi manne, lakini ndago iliyopuliziwa leo hukauka juu na kuchipua tena baada ya muda mfupi. Hata nyasi changa huwa na ubishi, kwa kuwa sehemu yao ya kukulia imejificha chini, karibu na udongo au ndani yake. Changanya lita 1 ya siki na kijiko 1 cha chai cha sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, ili dawa isiteleze kwenye majani. Usiongeze maji. Pulizia kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, jua likiwa kali, siku ambayo huoni dalili ya mvua. Siki haibagui gugu na sukuma wiki, hivyo kata kitako cha chupa ya maji ya lita 1.5, ifunike juu ya gugu, kisha pulizia kupitia mdomo wa chupa. Ukimaliza suuza kipulizio, maana siki inakula vyuma. Siki kali, ile ambayo ni lazima izimuliwe kwa maji kabla ya kutumika, usiiguse kwa kazi hii. Ikirukia jicho inaweza kupofusha.

Maji yanayochemka ni mazuri kwa nyufa za sakafu, kingo za njia na kando ya ukuta. Mimina polepole kwenye shina, birika likiwa karibu na ardhi, kwa sababu maji yakianguka kutoka juu yanapoa njiani. Usiyamwage karibu na mboga, na vaa viatu vya kufunika vidole.

Chumvi tunaikataza kabisa kwenye tuta. Gugu litakufa, ndiyo, lakini chumvi inabaki. Inazuia mizizi kunyonya maji, inaharibu muundo wa udongo hadi unagandamana, na mvua inaisogeza kwenye tuta la jirani. Magadi nayo yana tatizo lilelile. Ukiona kichocheo cha siki na chumvi, toa chumvi.

Kwenye tuta lenyewe, kitu cha nyumbani chenye faida kubwa ni boksi. Chagua maboksi ya kahawia yasiyo na rangi ya kung'aa, bandua gundi ya plastiki na pini zote. Kata magugu yaliyopo hadi usawa wa ardhi, mwagilia tuta, tandaza maboksi yakipandana sentimita 15, kisha yaloweshe hadi yalegee. Juu weka matandazo ya nyasi kavu zisizo na mbegu, au majani makavu, unene wa sentimita 8 hadi 10. Toboa tundu la kila mche na uache nafasi ya sentimita 5 kuzunguka shina, la sivyo shina litaoza. Yanayoharibika hapa ni mawili. La kwanza ni maungio: magugu mengi hayatoboi katikati, yanatafuta mahali boksi lilipopandana kidogo. La pili ni mchwa, ambao hupenda boksi kavu; funua pembe moja kila wiki uangalie, na ukiwakuta toa boksi sehemu hiyo uweke matandazo ya majani mabichi badala yake. Magunia ya sandarusi si mbadala, kwani jua linayachambua kuwa nyuzi ambazo hutazimaliza kuokota.

Ndago itatoboa boksi, hata nailoni nyembamba. Jembe nalo linaizidisha: ukikata zile nyuzi, kila kiazi kinajitegemea na kuchipua. Iinue kwa uma udongo ukiwa na unyevu, fuata nyuzi kwa vidole, kusanya viazi na uvianike juu ya bati hadi visinyae kabisa. Rudi kila baada ya wiki mbili kung'oa machipukizi kabla hayajatengeneza viazi vipya. Baadaye panda matembele au kunde kwa nafasi ndogo. Ndago haivumilii kivuli. Hii ni kazi ya misimu, na anayekuahidi kuimaliza kwa chupa moja anakudanganya.

Kongwa uliling'oa? Usiliache juu ya tuta. Shina lake lina maji mengi, litakaa siku nyingi bila kufa na mvua ya kwanza litashika tena. Litundike kwenye uzio likauke.

Kabla ya kupanda mchicha au karoti, ambazo palizi yake ni ngumu, tega magugu kwanza. Andaa tuta, mwagilia kana kwamba umeshapanda, subiri siku 10 hadi 14. Yatakayoota yaparue juu juu, kina kisichozidi sentimita 2, asubuhi yenye jua. Ukienda chini zaidi unaleta juu mbegu nyingine zilizolala. Kisha sia mbegu zako bila kulima tena.

Na samadi mbichi ya ng'ombe au mbuzi hubeba mbegu za nyasi walizokula. Kabla ya kuimwaga tutani, weka konzi mbili kwenye kopo lililotobolewa chini, mwagilia kila siku kwa siku 10. Zikiota nyasi, irudishe kwenye lundo iendelee kuoza.