Je, aliye mkimya asamehewe vikao na misiba?

SWALI

Shikamoo Shangazi. Mimi ni mwalimu wa sekondari mjini Morogoro, nina umri wa miaka 31, na huu ni mwaka wa tatu tangu niolewe katika ukoo mkubwa ambao mwezi haupiti bila kikao cha harusi, maulidi, hitima au arobaini. Tangu utotoni nimekuwa mtu wa kimya. Mwaka juzi nilijibu dodoso moja kwenye simu, likaniambia kwamba mimi ni introveti, yaani mtu wa kujielekea ndani, na kwa mara ya kwanza nikahisi kwamba kuna aliyenielewa. Tangu hapo humwambia mume wangu kwamba shughuli za watu wengi hazitufai watu wa aina yangu, naye, ambaye ni ekstroveti, yaani mchangamfu wa watu, tena wa kupindukia, huenda peke yake. Miezi miwili iliyopita alifariki mjomba wake. Nilituma rambirambi kwa simu, nikafika siku ya maziko, nikakaa muda mfupi, nikarudi nyumbani. Wifi zangu sasa wanasema nina maringo, na mama mkwe hanipigii simu tena. Kinachonitatiza ni kwamba darasani nina wanafunzi zaidi ya 70 na ninawafundisha kwa furaha. Sauti yangu husikika hadi darasa la jirani. Mume wangu ameniambia, "Wewe si mkimya, unachagua tu wa kumnyamazia." Maneno hayo yameniuma sana. Je, kosa ni langu, au ni lao kwa kutonielewa nilivyoumbwa?

Mwalimu, Morogoro

JIBU

Marahaba, mwanangu, na poleni kwa msiba wa mjomba.

Nianze na ile faraja uliyoipata mbele ya simu yako, kwa sababu sitaki kukunyang'anya. Mtoto mkimya katika jamii zetu hukua akisikia kwamba anaringa, ana kiburi, au hana adabu ya kuchangamkia wageni. Akija kusikia siku moja kwamba ukimya wake una jina, na kwamba wapo wengi kama yeye duniani, ni lazima moyo wake utulie. Jina hilo lilikuondolea lawama usiyostahili, na hilo lilikuwa jambo jema. Taabu ilianza pale jina lilipotoka kwenye kueleza ulivyo na kuanza kukuamulia uende wapi na usiende wapi.

Maneno haya mawili, introveti na ekstroveti, yalienea kutokana na kazi ya Carl Gustav Jung, daktari wa magonjwa ya akili wa Uswisi, aliyeyaeleza kwa kirefu katika kitabu alichokichapisha mwaka 1921. Jung hakuwa mgeni kabisa wa pande zetu: mwaka 1925 alifika Mombasa kwa meli, akapanda treni hadi Nairobi, akakaa kwa muda na wenyeji wa Mlima Elgon, na akajifunza Kiswahili kidogo cha kuzungumza nao. Kwake, introveti ni mtu ambaye hamu ya nafsi yake huelekea zaidi ndani, kwenye mawazo na hisia zake, na ekstroveti ni yule ambaye hamu hiyo huelekea zaidi nje, kwa watu na mambo yanayomzunguka. Hata hivyo alishikilia kwamba kila mtu anazo njia zote mbili, ila moja imezoea kutumika zaidi, na hakukubali kwamba yupo mtu mzima wa akili aliye wa upande mmoja mtupu.

Waliokuja kuyatia mawazo hayo katika visanduku ni wengine. Nchini Marekani, mama mmoja aitwaye Katharine Briggs na binti yake, Isabel Briggs Myers, ambao hawakuwa wamesomea saikolojia, walitengeneza dodoso linalowagawa watu katika aina 16, na madodoso mengi tunayokutana nayo kwenye simu ni wajukuu wa dodoso lile. Kasoro yake kubwa ni kwamba hukata katikati mahali ambapo watu wengi ndipo walipo. Chukua mfano wa kimo. Tukisema kwamba kila aliyezidi sentimita 165 ni mrefu na wengine wote ni wafupi, basi mwenye sentimita 164 na mwenye 166 watakuwa watu wa aina mbili tofauti, ilhali yule wa 166 atawekwa fungu moja na jitu la sentimita 190. Ndiyo maana watu wengi wakirudia dodoso hilo baada ya majuma machache hupewa aina nyingine, bila wao wenyewe kuwa wamebadilika. Wanasaikolojia wa leo huipima tabia hii kama mstari mrefu mmoja, na wengi wetu tupo karibu na kati yake.

Sasa nije kwenye maneno ya mumeo, maana naona ndiyo yaliyokuuma kuliko ya wifi zako. Mwaka 2001 mtafiti wa Marekani, William Fleeson, alichapisha matokeo ya utafiti ambao washiriki waliandika mara kadhaa kila siku, kwa muda wa majuma, jinsi walivyokuwa wakitenda saa ile ile: walikuwa wazungumzaji kiasi gani, wachangamfu kiasi gani. Alikuta kwamba mtu mmoja hubadilika sana kutoka saa hadi saa. Karibu kila mmoja alikuwa na saa zake za kusema na saa zake za kunyamaza, ingawa wastani wake wa juma moja ulifanana sana na wa juma lililofuata. Kwa hiyo tabia yako ipo kweli, na darasa lako pia ni la kweli. Hukumdanganya mumeo. Ukiwa mbele ya wanafunzi unajua somo lako, unajua nafasi yako, kengele inakuambia saa ya kuanza na saa ya kumaliza, na unawapenda. Brian Little, profesa wa Kanada anayejieleza waziwazi kuwa introveti, amekuwa maarufu kwa mihadhara yake ya kusisimua, na ameeleza jinsi anavyotafuta mahali pa faragha mara baada ya kushuka jukwaani ili apumzike. Hoja yake ni kwamba mtu huweza kutoka nje ya maumbile yake kwa ajili ya jambo analolithamini, mradi apate pa kupumulia baadaye. Mweleze mumeo hivyo, kwa utulivu, wala usijitetee kwa kulitaja lile jina. Mwambie tu kwamba darasani unazijua njia, na kwao bado hujazijua.

Lakini kuna jambo moja, mwanangu, ambalo naona limekupotosha kuliko yote, nalo ni kwamba lile dodoso liliuliza maswali ya maisha mengine. Liliuliza, bila shaka, kama unapenda karamu, kama hujitambulisha kwa watu usiowajua, kama huongoza mazungumzo. Hayo ni maswali ya mahali ambapo kukutana na watu ni kuzungumza, na asiyezungumza ni kama hayupo. Msiba wetu haukujengwa hivyo. Ukifika, maneno yako yamekwisha kuandaliwa tangu enzi za bibi zako: unasema "Poleni kwa msiba," unajibiwa "Ahsante, tumeshapoa," unavua viatu na kukaa mkekani. Hakuna atakayekudai hadithi. Uani kuna mchele unaohitaji kuchambuliwa, vitunguu vinavyohitaji kumenywa na sufuria zinazohitaji kusuguliwa, na mwanamke aliyeshika kisu na kitunguu tangu asubuhi hadi adhuhuri bila kusema maneno 20 atakumbukwa katika ukoo ule kwa miaka. Hali ni hiyo hiyo barazani kwa wanaume, iwe Unguja au Lamu: daima yupo mzee mmoja anayekaa kuanzia alasiri hadi adhana ya magharibi akisikiliza tu, na hakuna mtu aliyewahi kusema kwamba si mtu wa baraza; siku asipoonekana, hutumwa mtoto nyumbani kwake kuuliza kama ni mzima.

Nimelidadavua hili kwa kirefu kwa sababu nadhani ndilo jibu la swali lako. Wifi zako hawalalamiki kwamba ulinyamaza. Wanalalamika kwamba hukuwapo. Wao walikaa matanga, wakalala chini, wakapika usiku, na walipoinua macho hawakukuona miongoni mwao hadi matanga yalipoanuliwa. Na mfiwa, mwanangu, hukumbuka sana ni nani aliyekuwa amekaa karibu naye. Hapo kosa ni lako, na ninakwambia hivyo kwa upendo. Ukimya ulioumbwa nao ulikuwa na mahali pake katika msiba ule, tena mahali pa heshima, lakini wewe ulishaaminishwa kwamba hapana.

Wala siwaungi mkono wifi zako. Wamekosa kwa namna ile ile uliyokosa wewe, kwani wamechukua neno moja, maringo, wakakufungia humo ndani, na hakuna hata mmoja aliyekuja kukuuliza. Mumeo naye ana sehemu yake. Tangu mwaka juzi amekuwa akienda peke yake na kukuacha uwe mgeni katika ukoo wake, na nadhani jina hilo lilimrahisishia mambo yeye pia, kwa maana halikumlazimu kukushika mkono na kukuketisha karibu na shangazi yake mmoja mpole ambaye mngeelewana.

Usingoje shughuli nyingine. Nenda kwa mama mkwe siku ya kawaida, wewe na yeye tu, kwa maana watu wa kimya huzungumza vizuri zaidi wakiwa wawili. Chukua sukari au chochote mnachopelekeana kwenu, mwambie kwamba ulipaswa kukaa naye wakati wa msiba wa kaka yake na hukukaa, na kwamba unaomba radhi. Usimfafanulie aina za watu. Shughuli itakapokuja, fika mapema kabla watu hawajajaa, kwa sababu kuingia uani palipo na watu watano na kuwaona wengine wakiongezeka ni rahisi kuliko kuingia palipo na watu 60 wote wakikutazama. Omba kazi ya mikono. Waeleze mumeo na mama mkwe tangu awali saa utakayoondoka, ili kuondoka kwako kusiwe kutoroka, na jioni yake usipange wageni nyumbani. Sikuambii ujigeuze. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Melbourne, Australia, walichapisha jaribio ambalo watu walitakiwa kutenda kwa uchangamfu kwa juma zima. Kwa wastani walijisikia vizuri zaidi, lakini wale wakimya zaidi walifaidika kidogo na wakachoka zaidi. Uchovu wako si wa kubuni, basi upangie mapumziko kama unavyopanga ratiba ya vipindi.

Jichunguze na jambo moja zaidi. Kuchoka baada ya shughuli ni tofauti na kuiogopa. Ikiwa siku kadhaa kabla ya kikao unakosa usingizi, moyo unakwenda mbio, viganja vinatoka jasho, na baada yake unayarudia kichwani maneno uliyosema ukiamini kwamba kila mtu alikucheka, basi hiyo ni hofu, nayo ina tiba. Nenda katika kitengo cha afya ya akili kwenye hospitali ya rufaa iliyo karibu nawe ukamweleze mtaalamu. Wengi wanaobeba hofu hiyo hujiita introveti kwa miaka mingi na hawatibiwi.

SWALI

Shikamoo Shangazi. Mimi ni mwanamume wa miaka 40, naishi Dodoma. Katika ukoo wetu mimi ndiye mchangamfu, na kila harusi ninakuwa mshehereshaji bila malipo. Mama yangu alipofariki mwaka jana, niliongoza ratiba ya mazishi kuanzia mwanzo hadi mwisho kwa sababu ndugu walisema mimi ndiye ninayejua kusema mbele za watu. Sikulia. Sasa binamu yangu anaoa na nimekwisha kupangiwa kipaza sauti. Sina nguvu hizo tena, lakini kila nikitaka kukataa naambiwa, "Wewe tena?" Nifanye nini?

Mchangamfu, Dodoma

JIBU

Marahaba, mwanangu, na pole sana kwa kufiwa na mama.

Barua yako nimeiweka pamoja na ya mwalimu kwa makusudi. Jina lake limemweka mbali na watu, na lako limekuweka mbele yao, wala hakuna aliyekuuliza kama siku ile ulitaka kukaa chini na kulia pamoja na ndugu zako. Ni kweli kwamba tafiti nyingi zimekuta watu wachangamfu, kwa wastani, wakieleza kuwa na furaha mara nyingi zaidi kuliko wengine, lakini wastani hauzuii kifo kisiume. Wewe ni mwana uliyefiwa na mama yako, ukapewa kazi saa ambayo ulipaswa kupewa bega.

Mpigie simu mwenyekiti wa kamati juma hili, wala usisubiri kikao, kwa sababu ndani ya kikao utashangiliwa na utakubali. Mwambie kwa maneno machache kwamba matanga ya mama yalianuliwa nyumbani lakini kwako bado, kisha umtajie kijana mmoja katika ukoo ambaye utakuwa tayari kumwelekeza kabla ya siku yenyewe. Akikujibu "Wewe tena?" mjibu, "Ndiyo, mimi," kisha nyamaza. Baada ya hapo mtafute ndugu mmoja aliyempenda mama yako kama ulivyompenda wewe, mwende kaburini pamoja, na huko usiongoze chochote. Iwapo usingizi na hamu ya chakula vimekupotea kwa majuma, mwone daktari.

Siku ya harusi vaa vizuri, ingia ukumbini pamoja na wageni wengine, keti meza ya nyuma ukipenda, na ule pilau yako ikiwa bado ya moto.